Kabla Hujauliza Gurnah Alilipwa Ngapi

Wajukuu zangu, kila nikimtaja Abdulrazak Gurnah swali lenu la kwanza ni lile lile: alilipwa ngapi? Nalijibu sasa hivi ili tulimalize. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021 ilikuwa kroni milioni 10 za Uswidi, na hakugawana na mtu. Ni pesa za kununua shamba zuri pale Rongai na ng'ombe wa kulijaza, na nyingine zikabaki. Lakini simu ilipoingia tarehe 7 Oktoba, mzee huyo alikuwa jikoni kwake Uingereza akijitengenezea chai. Alikuwa na miaka 72, amestaafu ualimu tangu 2017, na alipoambiwa ameshinda alidhani ni wale watu wanaopiga simu kuuza vitu ambavyo hukuviulizia. Mtu aliyeketi miaka yote akingoja pesa hawezi kupokea simu ya namna hiyo akaiona usumbufu.

Nimefundisha fasihi katika shule za Bonde la Ufa hadi nywele zikawa nyeupe, na tangu nistaafu nyinyi vijana wa mtaa mnaniletea hadithi zenu, chache kwenye daftari, nyingi kwenye simu. Nazisoma zote, hata zile za herufi ndogo zinazoniumiza macho. Vipaji mnavyo, sitawaficha. Ila karibu hadithi zote zinatokea kwenye magorofa ya Nairobi, au Marekani ambako hakuna hata mmoja wenu aliyefika. Shujaa anaendesha gari la bei mbaya na anazungumza kama watu wa sinema. Sijaletewa hadithi ya Bondeni hapa Nakuru. Sijaletewa ya Kaptembwo, wala ya kituo cha matatu za Molo siku ya mvua, abiria wamelowa na manamba anaapa kwamba imebaki nafasi ya mtu mmoja tu ilhali gari ni tupu. Mnadhani fasihi ni mahali pengine. Ndiyo sababu nataka tumwangalie mtu huyu polepole, kwa maana maisha yake mnayasoma vibaya. Mnasema: alienda ng'ambo, akashinda. Mimi nasema hivyo sivyo ilivyokuwa.

Alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, akakulia Malindi. Simaanishi Malindi yetu ya Kilifi, bali mtaa wa Malindi wa mjini Zanzibar, karibu na bandari. Ukoo wake una asili ya Yemeni kwa upande mmoja, kama koo nyingi za pwani. Shuleni alipenda kipindi cha kuandika insha, yaani kile kipindi ambacho nyinyi mlikuwa mkikikimbia. Tarehe 12 Januari 1964, akiwa na miaka 15, Mapinduzi yakatokea. Watu waliuawa, wengine wakafungwa, wengine wakanyang'anywa mali na kufukuzwa, na ukiwa na asili ya Kiarabu ulikuwa na sababu ya kuogopa hodi ya usiku. Mwaka 1968 yeye alikuwa amefika Uingereza, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20.

Huo mwaka 1968 msiuruke, kwa sababu sisi wa Nakuru tulikuwa ndani yake. Mwaka uliotangulia Kenya ilikuwa imepitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Kiingereza wakaanza kufunga maduka na kufungasha. Uingereza ilipoona wanakuja kwa wingi, Machi 1968 ikapitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia wasiingie, ingawa pasi ilikuwa ni yake yenyewe. Mwezi uliofuata mbunge Enoch Powell akatoa hotuba ile ya kuwatisha Waingereza kuhusu wageni. Basi kijana wa Zanzibar alitua katika nchi hiyo, mwaka huo. Wenye maduka waliotoka mjini kwetu na kijana aliyetoka Unguja walikutana na macho yale yale.

Maisha aliyoyapata huko hayakuwa ya filamu. Alifanya kazi ya uhudumu hospitalini, Canterbury: kusukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu, kubeba mashuka machafu, kusafisha. Wale mnaowaona pale hospitali ya kaunti wamevaa makoti yaliyofifia rangi, ambao hakuna mgonjwa anayewauliza jina, ndio aliokuwa mmoja wao. Alisoma chuo kilichokuwa kikiitwa Christ Church hapo hapo Canterbury. Alipokuwa na miaka 21 hivi akaanza kuandika. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na upweke na hamu ya kwao, akawa anaandika kwa ajili yake mwenyewe vitu alivyovikumbuka. Miaka baadaye kazi ile ya hospitali ikaingia katika riwaya yake ya pili, Pilgrims Way ya 1988, ambamo kijana Mtanzania aitwaye Daud anahudumu hospitalini katika mji kama ule ule na kutukanwa barabarani. Kwa hiyo miaka ile ya kusukuma vitanda haikupotea. Anayeniambia kwamba kazi yake ya sasa, ya bodaboda au ya kupakia maua kule Naivasha, inamzuia kuwa mwandishi, namwomba ajaribu kwanza kuiandika hiyo kazi.

Sasa sikilizeni miaka ilivyokwenda. Kati ya 1980 na 1983 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria. Mwaka 1982 akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Kent, kwa utafiti juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, kisha akafundisha Kent hadi alipostaafu akiwa profesa. Wakati huo wote muswada wake wa kwanza ulikuwa ukizunguka bila mchapishaji. Ulipochapwa, ukiitwa Memory of Departure, ilikuwa ni 1987 na yeye ana miaka 38. Watu wa Kenya mngependa kujua kwamba shujaa wa riwaya hiyo, kijana Hassan, anapanda kutoka pwani hadi Nairobi kwa mjomba wake tajiri akitumaini kusaidiwa. Hadithi ya mjomba tajiri wa Nairobi mnaijua wenyewe inavyoishia.

Zikafuata Dottie mwaka 1990 na Paradise mwaka 1994, iliyoingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker lakini haikushinda. Halafu Admiring Silence, By the Sea, Desertion, The Last Gift, Gravel Heart, na Afterlives mwaka 2020. Riwaya 10 katika miaka 33, na hadi alipostaafu kila asubuhi ya muhula alikuwa na wanafunzi wa kufundisha na insha za kusahihisha. Baina ya The Last Gift na Gravel Heart pekee ilipita miaka 6. Na umaarufu? Siku aliposhinda Nobel, Afterlives ilikuwa haijapata hata mchapishaji Marekani. Hapa Kenya ungemuuliza mwalimu wa Kiingereza wa kawaida, hamjui. Nami nakiri kwamba sisi walimu tulimtukuza Soyinka, tukamtukuza Achebe na Ngũgĩ, na huyu wa jirani tukamwacha apite. Tangu Soyinka aliposhinda mwaka 1986 hakuna Mwafrika mweusi mwingine aliyeipata tuzo hiyo, hadi huyu.

Kuna mmoja wenu, hatajwi, aliyeniambia anataka kuacha masomo Egerton ili awe mwandishi wa kudumu. Mjukuu wangu, soma tena aya mbili zilizotangulia. Gurnah aliishi kwa mshahara wa ualimu na akaandika kwa saa zilizobaki. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuacha chuo, ukakaa kwa mama yako Njoro ukila ugali wake, na bado usiandike.

Nimetaja Njoro, na hapo pana jambo. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza tuliyewahi kumkaribisha katika bonde hili ni Elspeth Huxley, yule wa The Flame Trees of Thika. Mamake, Nellie Grant, alikuwa na shamba Njoro kwa miongo kadhaa, na Elspeth alikijua kijiji kile. Mwaka 1939 aliandika Red Strangers, riwaya inayojaribu kuutazama ujio wa Wazungu kwa macho ya ukoo wa Kikuyu. Sina ugomvi naye. Alifanya kazi kubwa, na alikuwa na sikio. Lakini mwenye shamba akiandika habari za wafanyakazi, kuna mengi ambayo wafanyakazi hawakumwambia. Baba yangu alizaliwa katika shamba la Mzungu huko huko, mtoto wa skwota. Kwa sheria ya 1918, skwota alidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka ili apate mahali pa kujenga kibanda na kulisha mbuzi, na baadaye siku zikaongezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wa Olenguruone walikataa masharti ya serikali juu ya mashamba yao, wakala kiapo, wakatolewa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Hayo yamo kwenye vitabu vya historia. Riwaya ya mambo hayo iliyoandikwa na kijana wa hapa bado naingoja mezani kwangu.

Na hilo ndilo Gurnah alilolifanya kwa upande wa pwani. Fungueni Paradise. Inaanza na mtoto wa miaka 12, Yusuf, ambaye babake ana kihoteli kisicholipa katika mji mdogo wa reli. Mfanyabiashara tajiri, Ami Aziz, huja kupumzika pale akipita, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye. Wanapanda gari moshi. Mtoto anadhani anaenda kutembea kwa ami yake. Kumbe babake amemweka rehani kwa deni, na Aziz si ami yake kabisa. Anayemfumbua macho ni kijana mwingine wa dukani, Khalil, aliyewekwa rehani kama yeye. Angalieni namna mwandishi anavyotulia. Hamlaani baba. Hamlaani Aziz, ambaye ana manukato, heshima na sauti ya upole. Anakuacha wewe msomaji ukae na yule mtoto dukani usiku, ufahamu mwenyewe jambo alilofanyiwa.

Hapo ndipo penye somo ninalotaka mlishike kuliko yote. Gurnah aliandika kuhusu ukoloni, lakini hakuwafanya watu wake malaika. Misafara ya biashara katika Paradise, ya Waarabu na Waswahili, inanyonya watu wa bara kabla hata Mjerumani hajafika vizuri. Katika Afterlives, askari wanaochoma vijiji chini ya bendera ya Ujerumani ni Waafrika, na mmoja wao, Hamza, ni mtu unayempenda. Katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 2021, alieleza kwamba kilichomsukuma kuandika kwa dhati ni kuona historia ya kwao ikiandikwa upya kwa namna nyepesi, walioshinda wakiufuta ukweli uliowasumbua. Hakutaka historia nyepesi ya mkoloni, na hakutaka historia nyepesi ya walioshika dola baada yake.

Sasa ligeuzeni hilo kwetu. Bonde hili limefukuzana. Mwaka 1992 Molo na Olenguruone ziliwaka. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 ukaja mtafaruku wa baada ya uchaguzi, na uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnabebwa mgongoni. Kila jamii hapa ina hadithi yake ya yaliyotokea, na katika kila hadithi jamii nyingine ndiyo iliyoanza. Mnazisikia nyumbani, mnazimeza. Ukiandika ile uliyosikia kwa nyanya yako peke yake, utakuwa umeandika hotuba ya kampeni. Andika na ile ya nyanya wa jirani aliyefukuzwa kwa panga au aliyefukuza. Ndiyo, hata wa kwenu. Hasa wa kwenu. Najua ninalowaomba ni gumu, na kuna meza za watu ambako hamtakaribishwa tena chai.

Jinsi ya kuandika hayo bila kupiga kelele, By the Sea inaonyesha. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi ya jina lisilo lake, akijifanya hajui Kiingereza. Mizigo yake ni haba. Ndani yake kuna kisanduku cha udi, udi mzuri wa zamani, na ofisa wa uhamiaji anakikagua, anakinusa, anakichukua. Ni hivyo tu. Gurnah hakuhitaji kurasa za machozi, kwa sababu kisanduku kile kimebeba nyumba nzima na biashara nzima iliyokwisha. Pale kwenye uwanja wa maonyesho mwezi Januari 2008 nilipita kupeleka blanketi. Mama mmoja alikuwa ameketi chini, na kando yake alikuwa na cherehani, kichwa chake tu bila meza, amekifunga kwa leso. Alikuwa ametembea nacho. Hakuwa na sufuria, hakuwa na godoro, lakini kichwa cha cherehani alikuwa nacho. Sikumwuliza chochote. Nyinyi mnaotaka kuandika mngepaswa kumwuliza, au mkikosa, mkae na kile kichwa cha cherehani mpaka kiwaambie yeye ni nani.

Turudi kwa suala la ng'ambo. Siwezi kusema kwamba safari haikumsaidia. Yeye mwenyewe anakubali kwamba ugeni ulimsukuma kwenye kalamu. Lakini tazama alichokiandika huko. Amekaa Uingereza zaidi ya miaka 50, ni raia wake, na alipopata tuzo Watanzania wakabishana kama ni wao au si wao, kwa kuwa nchi yao hairuhusu uraia wa nchi mbili. Wakati wanabishana, vitabu vilikuwa vimeshajibu. Desertion inaanzia mji mdogo wa pwani ya Kenya mwaka 1899. Paradise na Afterlives zinaanzia pwani na barani Tanganyika. Hata riwaya mpya, Theft, iliyotoka mwaka 2025, imerudi Tanzania. Mahali padogo alipopajua akiwa mtoto pamemtosha kwa umri mzima.

Wala msiseme Nakuru haina wa kuigwa. Binyavanga Wainaina alizaliwa hapa hapa mwaka 1971. Babake alikuwa mkubwa wa bodi ya pareto, mamake alikuwa na saluni mjini. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine, akaanzisha jarida la Kwani?, na mwaka 2011 akatoa kitabu cha maisha yake ambamo Nakuru, saluni ya mamake na barabara zake, zimo bila kuomba radhi. Alifariki Mei 2019. Nimekutana na wanafunzi wa shule zilizo mwendo wa miguu kutoka kwenye saluni ile ambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Mtaniuliza: tuandike kwa lugha gani? Gurnah mama yake alimlea kwa Kiswahili, naye akaandika kwa Kiingereza, lugha ya shule na ya vitabu alivyosoma. Silikosoi, ila siwaambii mfuate. Ken Walibora aliandika Siku Njema mwaka 1996 kwa Kiswahili, akamtoa kijana Tanga hadi Kitale, na kizazi kizima cha Wakenya kikaisoma. Andikeni kwa lugha ambayo mkikasirika inatoka yenyewe. Kama ni Kiswahili, kiandikeni kwa adabu yake, na sheng muiweke midomoni mwa wanaoizungumza.

Mwaka ule wa 2021, tarehe 1 Desemba, Rais Uhuru Kenyatta alikuja kutukabidhi hati ya jiji, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Siku 6 baadaye Gurnah akatoa hotuba yake ya Nobel. Tulipiga vigelegele vya jiji, na ilikuwa haki yetu. Lakini jiji lisilo na riwaya zake litasimuliwa na wapita njia, na wapita njia wa Nakuru huona flamingo tu na kuendelea na safari.

Basi fanyeni hivi. Paradise imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Itafuteni, changeni pesa mnunue nakala moja ikiwa ni lazima, mpokezane. Mkimaliza, kila mmoja aandike kurasa kumi kuhusu mtu mmoja anayemjua kwa jina, anayeishi kati ya Gilgil na Mau Summit, na asiwe shujaa wala mwovu. Msinitumie kwenye simu. Zichapeni au ziandikeni kwa mkono, kwa herufi kubwa, mniletee. Nitasoma zote, na nitasema ukweli.